Mke na mume wajifunze kujihami pamoja, au kila mtu na darasa lake?

MTOA MADA (Mbagala)
Wakuu, heshima kwenu. Mimi na mke wangu tuna duka dogo, tunafunga saa tatu usiku. Kutoka dukani hadi kituo cha daladala kuna uchochoro ambao watu wanapigwa roba kila mwisho wa mwezi. Silaha sitaki, kwa hiyo tumeamua tujifunze kujihami kwa mikono mitupu. Ila nimekwama kwenye jambo moja. Mwalimu wa karate kaniambia njooni wote wawili, mtafanyishana mazoezi. Kocha wa ndondi kasema mwache mkeo nyumbani, mlinzi ni wewe. Shemeji yangu anasema wote hao wanatafuta ada tu.

Msimamo wangu ni twende wote, darasa moja, muda mmoja. Kibaka akitutokea atatukuta wawili, basi na mazoezi tufanye wawili. Nawasilisha, nikosoeni.

MKANDA WA KAHAWIA (Upanga)
Mkuu, kabla ya kuuliza pamoja au mbalimbali, uliza darasa lenyewe likoje. Karate imefundishwa Dar tangu miaka ya 1970, pale kwenye dojo la Zanaki wametoka watu wazito sana, na mimi ni mtu wa karate. Lakini nitasema ukweli: yapo madojo, yaani kumbi za mazoezi, ambayo mwanafunzi anapiga hewa mwaka mzima. Mkanda unabadilika rangi, ila hajawahi kushikwa na mtu ambaye kweli hataki kumwachia.

Mjapani Jigoro Kano alipoanzisha judo Tokyo mwaka 1882, mbinu za hatari aliziweka pembeni, zikabaki za kufanyia kata, yaani mazoezi ya hatua zilizopangwa. Kwenye mapambano ya mazoezi akaacha zile ambazo watu wanaweza kufanyiana kwa nguvu zote kisha wakarudi kesho yake wakiwa wazima. Siri iko hapo. Mbinu ya kawaida uliyoifanya mara mia kwa mtu anayekataa itakusaidia kuliko mbinu ya kuua uliyoionyeshwa mara moja. Ndiyo maana judo, ndondi, mieleka na jiu-jitsu ya Brazil zinatoa watu wanaojiweza haraka. Anayekuahidi kukufundisha kumpokonya mtu panga kwa semina ya wikendi, muage kwa heshima uondoke.

Sasa hiyo roba. Jamaa anakuja kwa nyuma, mkono unapita shingoni, anakuvuta chali ili miguu ikose nguvu, mwenzake anapekua mifuko. Akibana vizuri mishipa ya pande zote mbili za shingo, unazima ndani ya sekunde chache, huna muda wa kufikiria. Mikono yako yote miwili inatakiwa iende kwenye mkono wake, iuvute chini. Kidevu kizame kwenye kiwiko chake, mabega yapande, kisha kiuno kitoke pembeni ugeuke kumwelekea. Watu wengi wanaanza kwa kumtafuta usoni kwa kucha, na hapo ndipo muda unaisha.

Na kwa wanandoa kuna jambo ambalo sijaona likifundishwa sana: yule ambaye hajakabwa afanye nini? Mume akiona mkewe kakabwa, anamshika mkewe anamvuta. Anazidi kumnyonga! Usimvute uliyempenda, nenda kwenye vidole na macho ya aliyekaba. Hilo lazima mlifanye wawili, tena na mtu wa tatu wa kukaba. Kwa hiyo nakuunga mkono: pamoja.

DADA WA KAYOLE (Nairobi)
Mkanda wa kahawia amesema vizuri, lakini mimi napinga hiyo pamoja. Huku kwetu wanapiga ngeta hivyo hivyo, na nimefanya mazoezi na mume wangu. Kuna mambo mawili hutokea. Ama anakushika kama yai, unatoka bila jasho, unarudi nyumbani ukidhani unaweza. Ama anageuka mwalimu: si hivyo, weka mguu hapa, wacha nikuonyeshe. Mwalimu halisi amesimama pale ananyamaza!

Halafu tuseme ile ambayo wanaume hamtaki isemwe. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi anayeufanya ni mume au mpenzi wake. Sisemi mtoa mada ni mtu wa namna hiyo. Nasema darasa linalomwandaa mwanamke kwa kibaka wa uchochoroni peke yake limeacha hatari kubwa zaidi nje ya mlango. Na mume akiwa amesimama mbele yako, swali la mtu unayemjua utaliuliza saa ngapi?

Kuna utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 2015 katika jarida la tiba la New England. Wasichana wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu walipewa mafunzo ya saa 12, ya wanawake pekee. Sehemu kubwa haikuwa ngumi. Ilikuwa kutambua mapema mtu unayemjua anapoanza kukusogeza pabaya, kuacha aibu, kupaza sauti, kisha kupigana. Baada ya mwaka mmoja waliobakwa walikuwa asilimia 5.2, na wale waliopewa vipeperushi tu walikuwa 9.8. Korogocho hapa kina shosho, yaani mabibi, wa kikundi cha Shosho Jikinge wanajifunza kupiga na kupiga kelele, na hakuna aliyeambiwa aje na mzee wake.

MKAAZI WA UNGUJA
Dada wa Kayole, hapo kwenye wanawake pekee nakubaliana nawe, ila kwa sababu nyengine. Mke wangu hawezi kushikwa kiuno na mwalimu asiye maharimu wake, na wanawake wengi huku watakwambia hivyo hivyo. Kukipatikana mwalimu wa kike na ukumbi wenye pazia, watajaa.

Lakini tazama tunapofika. Darasa la wanawake pekee, mwanamke anazoea uzito wa mwanamke mwenzake. Atakayemkaba njiani ni mwanamume wa kilo themanini. Mwanamume pekee anayeruhusiwa kumkaba ili azoee ni mimi! Kwa hiyo afunzwe kwao, kisha tuje tufanye nyumbani juu ya mkeka. Na huko kushika kama yai ni suala la kuambiana tu: kaza, mpaka nipige mkono chini mara mbili ndipo uachie.

ASKARI MSTAAFU (Tabora)
Mnajadili kiwiko na kidevu, panga hamlitaji. Dar mmesahau panya road walivyokuwa wanaingia mtaa mzima na mapanga? Hapo karate ni kukimbia, na kama huwezi kukimbia, toa simu. Shida ya mwanamume aliyefanya mazoezi miezi sita ni kwamba mkewe akiwepo hawezi kutoa simu, anaona haya. Kubalianeni nyumbani, kabla ya ada na kabla ya sare: pesa inatoka, simu inatoka, hakuna ubishi. Tunapigana pale tu mtu anapotaka kutupeleka mahali au kutudhuru.

WAKILI (Arusha)
Nyongeza fupi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakuruhusu kujilinda wewe na kumlinda mwenzako, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Roba ikishaachia na jamaa yuko chini amelegea, teke la ziada linakutoa kwenye kujilinda. Na mkipiga ukunga wa "mwizi!" mjue watakaokuja si mwalimu wenu wa judo. Mkishapona ondokeni, mkaripoti. Walimu wengi hawagusi kabisa hili, na mimi mwalimu asiyeligusa ningemtilia shaka.

MTOA MADA
Nimewasoma wote. Kwenye pamoja bado nimesimama, maana hoja ya nani amekabwa na nani yuko huru hamjaijibu. Ila naona darasa liwe moja na wenza wa mazoezi wabadilishwe, nisishikane na mke wangu tu. Kuhusu simu, mzee wa Tabora, tumeshakubaliana. Tunaenda karate au judo? Karate iko karibu, judo ni daladala mbili.

MKE WA MTOA MADA
Hamjambo. Nimesoma mjadala wote kwenye simu yake, naona kila mtu anajua ninachotaka. Baba watoto nikimwambia animinye anacheka. Nataka mtu asiyecheka. Nitaenda judo hata kama ni daladala mbili, nitaanza na wanawake, yeye aje baada ya miezi mitatu tufanye hiyo ya mmoja kakabwa na mwingine yuko huru. Na jambo ambalo hakuwaambia: pesa za mauzo nabeba mimi, kiunoni, chini ya kanga. Roba ikija inakuja kwangu.

MKANDA WA KAHAWIA
Shemeji, hapo umemaliza. Darasa la kwanza omba ulitazame bila kulipa, wengi wanaruhusu. Kata kucha, vua hereni na mkufu, njoo na maji. Angalia wanawake wangapi wamebaki pale zaidi ya mwaka, na waulize kwa nini wenzao waliondoka. Na pesa zigawe, usibebe zote wewe.