Mrejesho: Smersh, Gorka na kombati za EMR

Wakuu, niliuliza nichukue Smersh (mkanda wa kijeshi wa Kirusi wenye mifuko ya kubebea vifaa) au 6Sh117 (fulana ya mifuko ya jeshi la Urusi) kwa michezo yetu ya vita ya bunduki za plastiki huku Ujerumani. Wengi mlisema Smersh. Nimepata mtumba wa Smersh wa SPOSN, kampuni ya Kirusi, na umenifaa kweli: mzigo wote unakaa kiunoni, kifua kiko wazi, kwa hiyo kulala kifudifudi nyuma ya gogo ni raha tupu. Ila kwenye gari lazima uvue, kile kibegi cha nyuma kinakusukumia kwenye usukani. 6Sh117 ya mwenzangu ina mifuko kibao, lakini inajaza kifua na joto lake si la kitoto.

Gorka, suti ya enzi za vita vya Wasovieti kule Afghanistan miaka ya 1980, turubai lake miiba hailiwezi, na lastiki za mikononi na magotini zinazuia kitambaa kupepea. Jasho sasa! Kombati ya EMR, ile ya vidoti ya jeshi la Urusi, inapotea kabisa kwenye misonobari; majani yakishakauka unaonekana kijani kama kasuku.

Aliyeuliza kama nitatinga nazo Bongo likizo: raia na kombati? Sitaki kesi mimi.