Wana wa Pongwe: betri ya Noah kabla ya Moshi

ALHAMISI

05:52 Dada Zuhura: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nakumbusha, Mama ana miadi ya macho hospitali ya KCMC Moshi Jumatatu saa 2 asubuhi. Gari inatoka Pongwe Jumapili baada ya swala ya alfajiri. Shabani, Noah iko tayari?

06:40 Dada Zuhura: Shabani?

07:15 Dada Zuhura: Naona mmesoma watu 11. Hata mmoja anijibu basi.

07:31 Mama Nuru: Alhamisi njema yenye baraka. Mola atufungulie milango ya kheri 🌹🌹

07:33 Dada Zuhura: Amin. Shabani.

08:04 Shabani: Waalaykum salaam dada. Gari ipo, nzima kabisa. Asubuhi tu ndiyo inasumbua kuwaka. Jirani mwenye Probox ananiboosti, ikishawaka natembea nayo mpaka jioni.

08:05 Dada Zuhura: Anakuboosti mara ngapi kwa wiki?

08:19 Shabani: Kama kila siku.

08:20 Rukia: 😂😂 Basi jirani naye apewe kiti, aende Moshi na waya zake

08:21 Dada Zuhura: Rukia, anayesafiri ni Mama.

08:26 Shabani: Fundi wa hapa njiapanda kaiangalia, anasema ni stata, ile mota ya kuwashia injini. Kuifungua na kubadilisha brashi elfu 80.

08:27 Dada Zuhura: Usifungue chochote kwanza. @Fadhili uko wapi? Fundi umeme tunaye kwenye ukoo halafu tunaulizia njiapanda.

08:50 Kassim Maskati: Shabani hiyo ni betri wala si stata. Huku joto likipanda 45 betri haimalizi miaka miwili mitatu, imekwisha. Watu wanadhani kinachoua betri ni baridi. Baridi inaifichua tu, joto ndilo linaloila, linakausha maji na kula mabamba ndani.

08:52 Rukia: Kaka Kassim akiandika betri tu ndiyo tunajua yu hai. Mchango wa harusi ya Nuru hakuonekana

08:53 Kassim Maskati: Nuru mwenyewe anajua nilichompa.

09:30 Dada Zuhura: Fadhili.

10:47 Fadhili: Shikamoo dada. Nilikuwa chini ya lori hapa Gerezani, Dar. Kaka Shabani nijibu haya kabla hatujatoa hata mia. Ukipiga ufunguo inalia vipi? Inasema tak-tak-tak, au inazunguka taratibu kama imechoka, au kimya na mlio mmoja tu?

11:20 Shabani: Inazunguka taratibu, nyee… nyee… halafu tak-tak-tak. Taa za dashibodi zinafifia.

11:24 Fadhili: Kufifia huko kunaniambia umeme wenyewe hautoshi. Stata mbovu mara nyingi utasikia tak moja na taa zinabaki zinawaka vizuri. Asubuhi kibano cha waya wa betri kilicholegea nacho kinaweza kufanya hivyohivyo, kwa hiyo fungua boneti, nipigie picha ya betri. Picha ya betri, si ya gari.

12:58 Shabani: [picha]

13:06 Fadhili: Subhanallah. Huo unga mweupe na wa kijani kwenye kichwa cha chanya umekaa tangu lini?

13:09 Shabani: Nilidhani ni vumbi la barabara.

13:17 Fadhili: Huo ni mvuke wa asidi umekula madini ya risasi. Umeme haupiti vizuri hapo, wa kutoka wala wa kuingia, kwa hiyo hata alteneta, yaani jenereta ya gari, ikichaji, betri haishibi. Zima gari, toa funguo. Legeza waya wa hasi KWANZA, ndio chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche. Mwagia maji ya moto, sugua kwa brashi, kausha, kaza, halafu paka grisi juu. Kurudisha ni chanya kwanza, hasi mwisho. Vaa miwani. Na usivute sigara hapo, betri inatoa haidrojeni.

13:18 Rukia: Sigara? Kaka Shabani si alimwapia Mama kaacha 👀

13:19 Dada Zuhura: RUKIA.

13:25 Fadhili: Na maji? Hiyo ni betri ya maji, ina vifuniko 6. Uliongeza lini?

13:41 Shabani: Mwezi uliopita. Yalishuka mpaka mabamba yanaonekana. Niliongeza.

13:42 Fadhili: Maji gani?

13:55 Shabani: Ya kisimani.

13:57 Fadhili: Kaka. Kisima cha Pongwe unakijua, chai yenyewe ina chumvi. Betri haiwekwi maji ya kisima, ya bomba wala ya chupa ya kunywa. Inawekwa yale yaliyokenekwa tu, yanauzwa kila duka la spea. Chumvi na chokaa vinagandamana kwenye mabamba. Na pale mabamba yalipokaa wazi bila maji, kile kipande kimeshakufa, hakirudi hata ukiweka zamzam.

14:02 Mama Nuru: Fadhili mwanangu, zamzam tuiache kando.

14:03 Fadhili: Samahani mama, nimekosea.

16:10 Dada Zuhura: Kwa hiyo tununue?

17:35 Fadhili: Bado. Kwanza tupime, nisije nikawatoa hela kwa kibano kichafu. Safisha leo, endesha angalau saa nzima ijae, ilaze. Alfajiri kabla hujafungua mlango, maana ukifungua taa ya ndani inawaka, shika mita nje kwenye vichwa vya betri. Volti 12.6 imejaa. 12.2 iko nusu. Chini ya 12 haina kitu. Halafu mtu apige ufunguo wewe ukiangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka. Gari ikiwaka pima tena, ikiwa 13.8 mpaka 14.4 alteneta haina neno.

17:36 Dada Zuhura: Umesikia Shabani? Boneti uifungue leo usiku basi, asubuhi mlango usiguswe.

21:15 Shabani: Nimesafisha. Nimekwenda mpaka Muheza na kurudi.

21:16 Rukia: Muheza kuna nini usiku huu 😂

21:40 Dada Zuhura: Lala Rukia.

IJUMAA

05:38 Shabani: 11.9. Kupiga ufunguo imeshuka 8.2. Probox imekuja. Ikiwaka 14.1.

05:39 Dada Zuhura: Fadhili.

06:55 Fadhili: Basi tumeshapata jibu. Alteneta nzima, stata msiiguse, elfu 80 hiyo imeokoka. Betri imekwisha. Na stika ya tarehe ukiisoma imetobolewa 11/2020, kwa joto la Tanga na maji ya kisima imejitahidi mno. Kwa kawaida ni miaka mitatu mpaka mitano, huku kwetu shika mitatu. Ikishapita hapo uwe unapima kila baada ya miezi michache, usingoje ikulaze.

06:57 Fadhili: Kitu kingine. Nani anasikiliza redio gari ikiwa imezimwa?

07:20 Shabani: Vijana wa baraza, siku ya mechi tu.

07:21 Rukia: Hapo tumempata mchawi. Yanga imeua betri

07:22 Kassim Maskati: Yanga inaua Simba tu, betri hatuzigusi 💚💛

07:23 Nuru: Kaka Kassim msimu ule Simba tuliwakalisha kimya mwaka mzima

07:24 Kassim Maskati: Msimu upi huo, wa babu?

07:25 Dada Zuhura: TAFADHALI. Shabani betri mpya ni bei gani?

07:30 Fadhili: Mechi mbili kila wiki gari imezimwa, betri inakaa nusu tupu, mabamba yanashika ukoko mgumu, na ukoko ukikomaa kuchaji hakuuondoi. Vijana waleteeni redio yao.

09:48 Shabani: Duka la njiapanda betri saizi NS60 laki 1 na 85. Nikirudisha ya zamani anapunguza 15. Ipo NS40 laki 1 na 30.

09:59 Fadhili: NS60. NS40 ni ya gari ndogo, Noah itaichosha mapema, hizo 55 mnazookoa zitapotea. Na angalia tarehe ya mpya pia. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kuzeeka kabla hujaifunga. Chukua ya miezi michache, udai kadi ya dhamana na apige muhuri. Ya zamani mrudishie huyohuyo, usiwaachie watoto waipasue wapate risasi. Risasi ni sumu, inawaingia kichwani.

10:05 Dada Zuhura: Laki 1 na 70 basi. Natoa 50. Fadhili 30, Kassim 30, Rukia 30, Salim 20, Mama Nuru utakachojaaliwa. Mpaka jioni kwa namba yangu ileile.

10:41 Mama Nuru: Nimetuma 10 mwanangu.

11:02 Rukia: Mimi nitatoa. Lakini niulize jambo nililolimeza muda mrefu. Tulikuwa tukitoa elfu 10 kila mwezi ya matengenezo, karibu miaka miwili. Iko wapi? Na zile za tairi 2023, tulipewa risiti?

11:03 Dada Zuhura: Si leo.

11:04 Rukia: Lini basi dada? Ilisemwa baada ya Idi. Idi ngapi zimepita?

11:30 Shabani: Rukia. Mimi ndiye ninayeamka saa 9 usiku Mama akiumwa. Kliniki napeleka mimi, mafuta natia mimi, mara ngapi sijasema. Kama mnaona nimekula hela zenu, njooni mlichukue gari. Funguo ziko kwenye msumari.

11:31 Rukia: Sijasema umekula.

11:31 Shabani: Umesema.

11:46 Kassim Maskati: Jamani, Ijumaa hii.

13:58 Baba Mkubwa Korogwe: Wanangu. Nimesoma yote tangu jana, miwani ndiyo ilikuwa inanichelewesha. Mchana ule wa Hale, tukienda kuzika, mimi nilikaa kiti cha mbele. Gari ilikataa kuwaka pale tuliposimama kununua maji. Vijana wakaja kusukuma, nikawaambia gari ya otomatiki haisukumwi ikawaka, wakasukuma hivyohivyo mpaka jasho likawatoka. Tulifika Pongwe kaburi limeshafukiwa. Mdogo wangu nilimuaga kwa kushika udongo. Shemeji yangu sitaki akae barabarani, na Hale ni njia hiyohiyo. Hesabu za tairi zije kwangu Korogwe, na daftari, baada ya Moshi. Shabani hajala. Rukia hajakosea kuuliza. Sasa betri.

13:59 Dada Zuhura: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

14:00 Nuru: Shikamoo Baba Mkubwa 🙏

14:03 Kassim Maskati: Shikamoo baba.

14:20 Rukia: Shikamoo Baba Mkubwa. Nimetuma 30. Kaka Shabani nisamehe nilivyoisema hadharani.

14:22 Baba Mkubwa Korogwe: Marahaba wote.

16:40 Fadhili: Nimetuma 30 dada.

18:05 Dada Zuhura: Nina laki 1 na 20. Kassim? Salim?

18:30 Kassim Maskati: Mshahara huku haujaingia. Kesho asubuhi inshaallah.

JUMAMOSI

08:15 Dada Zuhura: Kassim.

09:02 [Salim ametuma picha ya muamala: 20,000]

09:03 Dada Zuhura: Ahsante Salim. Hujambo lakini?

09:50 Dada Zuhura: Nimemtumia Shabani laki 1 na 40. Zilizobaki 30 za Kassim.

11:34 Shabani: Niko dukani. NS60 iliyobaki imeandikwa R. Yetu ni L. Anasema ni kitu kilekile.

11:36 Rukia: Fadhili!

11:37 Rukia: Nimempigia, hapokei.

11:52 Fadhili: SI KITU KILEKILE. L na R ni upande ilipo chanya. Ukiweka R waya wa chanya haufiki, fundi atauvuta au ataigeuza betri, na mtu akikosea akafunga chanya kwenye hasi mnaunguza alteneta na kompyuta ya gari. Nenda Tanga mjini utafute L.

11:55 Shabani: Nachukua bodaboda.

11:56 Dada Zuhura: Na betri ya zamani utaibebaje?

11:58 Shabani: Mapajani, imesimama.

11:59 Fadhili: Isilale tu kaka, asidi itakutoboa suruali na ngozi.

15:47 Shabani: Imepatikana. L, tarehe ya miezi miwili nyuma, kadi ninayo. Bei ni ileile, na ya zamani kaipokea kwa 15. Kassim haijaingia, nimetoa 30 kwenye hela ya mafuta.

15:48 Dada Zuhura: Kwa hiyo mafuta ya Moshi hayatoshi?

16:10 Dada Zuhura: Kassim unaona?

16:55 Baba Mkubwa Korogwe: Wakifika Korogwe wapite kwangu.

20:41 Dada Zuhura: Shabani umeshafunga?

21:10 Dada Zuhura: Shabani.

21:26 Mama (simu ya Nuru): Zuhura mwanangu. Shabani yuko uani na tochi, mikono imechafuka. Anasema betri imekaa ila nati ya kibano imekatika wakati anakaza. Mie nguo nimeshapanga na mkeka wa kuswalia njiani nimeutia. Usigombane nao.

21:27 Dada Zuhura: Nati ya upande gani Mama? Chanya au hasi?

21:33 Fadhili: Asiache kibano kinacheza, kwenye matuta kitachomoka. Amwombe jirani wa Probox nati ya namba 10, kila gari inayo mahali isipohitajika sana. Kwanza alegeze hasi.

21:58 Kassim Maskati: Dada nimetuma 30 sasa hivi, angalia.

21:59 Dada Zuhura: Haijaingia.

22:20 Dada Zuhura: Shabani ukishanawa mikono niandikie mita inasema ngapi. Sijalala.