Land Cruiser 80 inalia kelele tatu chini, mekanisie anataka nibadilishe ponti nzima ya nyuma (ekseli na gia zake). Naomba ushauri

Mtoto wa Panzi
Jambo wakubwa. Niko Bukavu, nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, turbo dizeli, buati (giaboksi) ya mkono, ile ya 4x4 saa zote. Inabeba watu na mizigo upande wa Mwenga na Kamituga, mara nyingine inashuka mteremko wa Ngomo kwenda Uvira. Kilometa za kwenye dashibodi sizitaji, maana nadhani kila aliyeimiliki kabla yangu alikuwa na maoni yake juu ya zile namba.

Shida ni sauti. Ya kwanza, nikikata volani (usukani) hadi mwisho, hasa nikiwa napanda na mzigo, mbele kunalia ta-ta-ta-ta. Ya pili, nikiachia embreyaji (klachi) ili niondoke, au nikitoka vitesi (gia) ya mbele kwenda ya nyuma, chini kunagonga "kong!" mara moja, hadi abiria wanaangaliana. Ya tatu ni mvumo. Unaanza kwenye 50 kwa saa, ikifika 70 tunaongea kwa kupaza sauti.

Mekanisie mmoja wa huku alizunguka nayo mtaa, akarudi akasema ponti ya nyuma imekufa, nitafute ingine ya okazo (iliyotumika), dola 900 pamoja na kazi. Hizo pesa zikitoka, minerval (karo) ya watoto itangoja. Kweli kelele zote tatu zinaweza kutoka sehemu moja?

Shofa wa Nyangezi
Kaka, badilisha kwanza mafuta ya ponti, weka mazito, yale ya 140. Ya kwangu ilinyamaza siku ileile.

Papa Solange
Shofa, ikinyamaza haimaanishi imepona. Kuna wauzaji wanaoweka maganda ya ndizi na unga wa mbao ndani ya ponti, nayo inanyamaza vizuri sana mpaka mnunuzi afike kwake.

Mwanangu wa Panzi, usitoe hata dola moja kwanza. Ukisoma ulichoandika, wewe mwenyewe umeshazitenganisha: moja inafuata volani, moja inafuata nguvu inapoanza kuvuta, moja inafuata mwendo. Ponti ya nyuma haijui kama umekata volani. Hata kama imekufa kweli, ile ta-ta-ta ingebaki palepale baada ya kulipa 900.

Ta-ta-ta ni homosinetiki ya mbele, ile iliyo ndani ya tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Kuna vigololi sita vinavyotembea kwenye mifereji. Mifereji ikilika, vigololi vinaruka pale vinapobebeshwa nguvu kwenye pembe kubwa, ndiyo maana unasikia ukipanda na volani imekatwa, lakini njia iliyonyooka hausikii kitu. Chukua kitambaa, pangusa nyuma ya tufe, mkono wa kushoto na wa kulia. Ukipata grisi nyeusi nzito kidogo, ni kawaida. Ukipata kitu chepesi kama mchuzi, kinanuka mafuta ya ponti, kinachuruzika hadi ndani ya jante (rimu), basi spi ya ndani (mpira unaozuia mafuta) imeachia na mafuta ya ponti yamesafisha grisi yote.

Na usilaumu spi bure. Lala chini ya gari, tafuta kipumulio juu ya ponti ya mbele. Kile kikizibwa na matope ya Mwenga, ponti ikipata joto hewa haina pa kutokea, inasukuma mafuta kupitia kwenye spi. Utabadilisha spi leo, mwezi ujao utabadilisha tena.

Goma_Ndosho
Nakubaliana na Papa Solange. Naongeza kuhusu mvumo: kabla ya kugusa ponti, angalia pine (tairi). Sisi huku Goma mawe ya volkano yanakula pine vibaya, zinabaki na meno kama msumeno, na gari inavuma kama ndege. Sauti ya pine inabadilika ukitoka lami kwenda kwenye udongo. Ya ruloma (beringi) au ponti haijali uko juu ya nini.

Papa Solange
Sawa kabisa. Nenda lami ya Kavumu asubuhi, kabla ya malori. Fika 70, toa vitesi, acha itembee yenyewe. Mvumo ukibaki vilevile, injini na buati ziko nje ya kesi, unatafuta kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu. Halafu kwenye mwendo huohuo yumbisha volani taratibu, kushoto, kulia. Ukigeuza kushoto uzito unalalia magurudumu ya kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, ruloma ya kulia ndiyo mshukiwa. Ponti yenyewe kwa kawaida inaimba ukikanyaga gesi, ukiachia inabadilisha wimbo au inanyamaza, au kinyume chake. Andika majibu, uyalete hapa.

Mama Neema
Mimi siyo mekanisie, nina magari mawili ya kupangisha, na nimejifunza kitu kimoja: usiende garaji kusema "ponti inalia". Nenda useme "inalia nikifanya hivi, hailii nikifanya vile". Ukimpa mtu jina la pisi (spea), atakuuzia hiyo pisi.

Mtoto wa Panzi
Aksanti sana wote. Nimefanya.

Kitambaa: kushoto grisi nzito. Kulia ni mchuzi, Papa, kama ulivyosema, umeshuka hadi kwenye jante na kushika vumbi. Kipumulio cha mbele nilikitoa kwa ufunguo, nikakipuliza kwa mdomo, hakipitishi hata kidogo. Udongo ndani umekauka kama tofali.

Lami ya Kavumu: nikitoa vitesi mvumo unabaki. Nikikanyaga au nikiachia gesi, haubadiliki. Nikigeuza kushoto unaongezeka, nikigeuza kulia unapungua karibu kuisha. Pine bado zina maua ya kutosha, nilizipapasa, hazina meno.

"Kong" bado sijaielewa.

Papa Solange
Basi ponti ya nyuma imeanza kutoka kwenye kesi. Sasa tujue ruloma ya kulia ni ya mbele au ya nyuma. Weka mawe nyuma ya magurudumu, inua kulia mbele kwa kriki (jeki), vitesi iwe huru. Weka kiganja kimoja juu ya resori (springi), mkono mwingine uzungushe gurudumu. Ruloma nzima hausikii kitu. Ruloma iliyolika utaihisi kwenye resori, inakwaruza kwaruza kama kuna mchanga ndani, hata pale ambapo sikio halisikii. Fanya hivyo na nyuma.

Halafu shika gurudumu la mbele juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage freni, utikise tena. Mchezo ukiisha, ni ruloma za moyeu (kitovu cha gurudumu), maana freni imeshikanisha moyeu na fuze (kile kinachobeba moyeu na kugeuka na volani). Ukibaki, ni ruloma ndogo za juu na chini za fuze, zile ambazo gurudumu linageukia. Watu wengi wanabadilisha za moyeu, gari inaendelea kutetemeka, wanasema pisi ni feki.

Kando ya Lubumbashi
Kwa hiyo "kong" msiifanye ngumu. Ni kros za kardani, vile viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye ponti. Huku kwetu barabara ya Likasi magari yote ya zamani yana hiyo. Bei ya kros siyo mlima, nunua nne ufunge.

Goma_Ndosho
Mkubwa, unarudi kwenye kuuza pisi kabla ya kupima 😄 Kwenye 80 ya 4x4 saa zote nguvu inapita sehemu nyingi, na kila sehemu ina mchezo wake kidogo: difu ya katikati (inayogawa nguvu mbele na nyuma), kros, meno ya kardani inayoteleza, pinyo (gia ndogo ya kuingilia ponti), halafu kuna plaki za mbele zinazoshika ekseli kwenye moyeu. Hizo plaki zinasahaulika kabisa. Zinashika saa zote, hakuna mtu anayezifungua, na meno yake yanalika. Toa kale kakofia kadogo katikati ya gurudumu la mbele. Injini izimwe, vitesi ya kwanza, mtu mwingine asukume gari mbele na nyuma. Wewe tazama ncha ya ekseli. Ikizunguka kidogo kabla plaki haijaifuata, umeona mchezo kwa macho yako.

Papa Solange
Ndosho amesema vizuri. Na kros zipimwe kwa mkono, gari ikiwa imezuiwa na vitesi iko huru: shika kardani upande mmoja wa kros na fourchette (uma unaoshika kros) upande wa pili, zungusha kinyume. Hapo pakicheza, imekwisha, hakuna grisi ya kuiponya. Angalia pia pembeni ya vikombe vya kros. Ungaunga mwekundu unaotoka ndani ni sindano zilizokauka na kusagika kwa kutu. Huku kwetu udongo wenyewe ni mwekundu, kwa hiyo pangusa kwanza, endesha, ndipo urudi uangalie.

Kama bado hujui kong inatoka mbele au nyuma, kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Toa kardani ya mbele nzima. Kabla ya kufungua, piga alama kwa rangi au kwa tindo, pande zote mbili, irudi kama ilivyokuwa, la sivyo utajitengenezea mtetemo mpya. Kisha funga difu ya katikati (CDL ndiyo loki yake), hakikisha taa yake imewaka kweli. Gari itatembea kwa nyuma peke yake. Kong ikipotea, tatizo liko mbele. Ikibaki, liko nyuma au kwenye buati ya usaidizi, ile yenye difu ya katikati.

Kando ya Lubumbashi
Na asipofunga hiyo CDL?

Papa Solange
Nguvu itakimbilia pale pasipo na kitu cha kusukuma. Gari itasimama ikilia, au itajivuta kwa shida huku ule mfumo wa mafuta mazito ndani ya difu ya katikati ukichemka bure. Baada ya kurudisha kardani, fungua CDL. Ukiisahau na kutembea kwenye lami kavu, utaona volani nzito kwenye kona na utakuwa unakula meno uliyotaka kuyaokoa.

Mtoto wa Panzi
Wakubwa, habari za leo.

Resori: kulia mbele inakwaruza, mkono wangu ulijua kabla ya sikio. Nikatikisa juu na chini, inacheza. Mdogo wangu akakanyaga freni, mchezo ukaisha. Ni ruloma za moyeu. Kros za nyuma mbili zimekauka lakini hazichezi, zimepokea grisi. Moja ya mbele inacheza. Na plaki ya kushoto, Ndosho Mungu akubariki, ncha ya ekseli inatembea karibu upana wa kichwa cha kiberiti kabla plaki haijaamka. Tulitoa kardani ya mbele, tukafunga CDL, kong haikusikika tena, labda kasauti kadogo tu.

Mafuta ya ponti ya nyuma niliyamwaga pia ili nilale usingizi. Kwenye bulo ya sumaku (bolti ya kumwagia mafuta) kulikuwa na tope laini la kijivu, hakuna vipande. Yule mekanisie nilimweleza yote, akasema hata hivyo ponti "itakufa tu siku moja".

Mama Neema
Hata yeye.

Mtoto wa Panzi
😂 Swali la mwisho. Homosinetiki mpya ya orijini sitaiweza mwezi huu. Nifanyeje?

Papa Solange
Kwa kuwa unafungua mbele yote, hamisha: ya kulia iende kushoto, ya kushoto ije kulia. Ekseli za ndani hazilingani urefu, kwa hiyo kinachohama ni kichwa cha homosinetiki peke yake, siyo ekseli. Ukienda mbele, vigololi vinasukuma ukuta mmoja wa mfereji. Ukihamisha, vinasukuma ule mwingine ambao haujalika sana. Utaisikia ikilia ukirudi nyuma na volani imekatwa, vumilia. Osha kila kitu kwa petroli mpaka chuma king'ae, weka grisi yenye molibdenamu, spi mpya pande zote mbili. Vipumulio virefushe kwa mpira hadi juu karibu na injini.

Ila kama ukiosha ukaona ufa, hata mwembamba kama unywele, usihamishe. Hiyo inunue hata kwa mkopo, usiende nayo Ngomo.

Ruloma za moyeu, nunua kati ya zile ambazo muuzaji anakubali ufungue boksi na kuzizungusha mbele yake. Kaza ekru (nati) ya ndani huku ukizungusha gurudumu ili zikae, legeza, kaza tena kidogo mpaka mchezo uishe, ndipo kifuli na ekru ya nje. Nenda Kavumu, rudi, gusa moyeu wa kulia na wa kushoto. Kulia kukiwa na joto zaidi, umekaza mno, fungua upime upya.