Milio tofauti kwenye makro za Excel: Beep, MessageBeep au faili la WAV?

MtunzaStoo
Wakuu, habari za kazi. Nahesabu spea za pikipiki stoo kwa Excel kwenye laptopu ya Windows, na skana ya bakodi nimeichomeka USB. Nikiwa naskani, macho yako kwenye rafu, siangalii skrini. Skana inalia yenyewe kila inaposoma, lakini mlio wake unaniambia tu kwamba ile mistari imesomeka. Kama spea imo kwenye orodha, haimo, au nimeshaihesabu, skana haijui. Nataka makro (programu ndogo ndani ya Excel) initofautishie hayo matatu kwa sauti. Naona wengine wanasifia Beep, wengine MessageBeep, wengine PlaySound inayocheza faili la WAV. Kwa kazi hii mnashauri ipi?

SeliNdogo
Beep ya VBA yenyewe, lugha ya kuandikia makro, ndiyo nyepesi kuliko zote. Unaandika neno hilo moja, basi, na hata LibreOffice inaielewa. Ila haina pa kuweka masafa (wembamba au uzito wa mlio) wala muda. Ukiiweka kwenye lupu ilie mara tatu, Excel haisubiri mlio wa kwanza uishe, kwa hiyo unaweza kusikia mmoja tu. Dawa ni kutia Application.Wait ya sekunde nzima katikati, na kwa mtu anayeskani mfululizo sekunde ni nyingi. Mimi naitumia kujua makro ndefu imekwisha, nirudi mezani.

BintiHesabu
MessageBeep ya user32, maktaba ya Windows, inatoa sauti za mfumo, zile zinazolia visanduku vya ujumbe vinapofunguka: 16 ni kosa, 48 onyo, 64 taarifa. Uzuri wake makro haisubiri, inaendelea na kazi huku sauti inalia. Lakini kaka, kwa milio mitatu itakuangusha. Kwenye Windows 10 ambayo hujaigusa mipangilio ya sauti, 48 na 64 zinalia sawasawa. Na kama mwenye kompyuta alishazima sauti za mfumo, hupati kitu.

FunditaMakro
Mkuu, kwa stoo nenda na Beep ya kernel32, maktaba nyingine ya Windows. Ni nyingine kabisa, si ile aliyoitaja SeliNdogo. Juu kabisa ya moduli (ukurasa wa kuandikia makro) weka:

`Private Declare PtrSafe Function Lia Lib "kernel32" Alias "Beep" (ByVal masafa As Long, ByVal muda As Long) As Long`

Nimeipa jina Lia ili isichanganywe na Beep ya VBA. PtrSafe usiiache, Office ya biti 64 itakataa. Masafa yanaanzia 37 hadi 32767 Hz, muda ni kwa milisekunde. Halafu:

`Lia 1200, 80` spea imo
`Lia 400, 350` haimo
`Lia 900, 100` ikifuatwa na `Lia 600, 100` imerudiwa

Kwenye imerudiwa nimeshusha masafa makusudi. Ukirudia 900 mara mbili bila pengo, sikio linaweza kusikia mlio mmoja mrefu. Na usiende chini sana, spika ndogo za laptopu sauti nzito haziziwezi. Hii inaisimamisha Excel mpaka mlio uishe, ndiyo maana miwili inafuatana vizuri, lakini ndiyo sababu pia ya kufanya kila mlio uwe mfupi.

MtunzaStoo
Nimeiweka, inafanya kazi safi, ya 400 naisikia hata nikiwa nyuma ya rafu. Ila kijana ninayesaidiana naye ni mgeni, milio bado inamchanganya. Application.Speech.Speak haiwezi kumtamkia?

BintiHesabu
Itatamka, lakini kwa sauti ya Kiingereza iliyomo kwenye Windows, na "haimo" itatoka haieleweki. Bora urekodi sauti yako mwenyewe ukisema "haimo", uihifadhi WAV, uicheze kwa PlaySound ya winmm, nayo ni maktaba ya Windows. MP3 haikubali. Weka alama `&H20001` ili Excel isisubiri. Ongeza `&H2`, la sivyo faili lisipopatikana Windows itapiga sauti yake ya kawaida na kijana atadhani ni jibu. Faili liweke folda moja na kitabu cha Excel, uliite kwa ThisWorkbook.Path.

FunditaMakro
Naunga mkono kwa "haimo" peke yake. "Imo" ibaki mlio mfupi, maana kwa PlaySound sauti mpya inaikata iliyotangulia, na mkiskani haraka mtasikia vipande vya maneno.

MtunzaStoo
Nimewaelewa. La mwisho: makro naianzisha kwa Worksheet_Change, lakini seli ya jumla yenye fomula ikivuka kiwango hakilii chochote.

FunditaMakro
Worksheet_Change inaamka seli inapoandikwa, na skana inahesabika kama kuandika. Fomula ikibadilisha jibu lake haiamki. Kwa seli ya jumla tumia Worksheet_Calculate, na uhifadhi thamani ya mwisho kwenye kigeu (jina la kutunzia thamani ndani ya makro) ili ilie pale tu inapovuka kiwango. Usipofanya hivyo italia kila shiti inapokokotoa.