Breki ya injini kushuka Iwambi usiku, nizime nikifika kwenye nyumba za watu?

Kijana wa Semi
Wakuu habari za saa hizi, hasa wazee wa njia ya Tunduma. Nimehamishiwa kwenye Freightliner, mwanzo nilikuwa na Scania yenye retada, ile unavuta tu mkono gari inajishika kimya kimya. Sasa hii ya Mmarekani ina breki ya injini ya Jake na aliyekuwa nayo kabla yangu alikata sailensa akaweka bomba tupu, basi nikianza kushuka mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, pale Mbeya, inalia tatatatata mpaka vioo vya nyumba za pembeni vinatikisika na mara nyingi napita pale usiku mnene. Juzi nimesimama Mbalizi mama mmoja wa genge akaniambia, mwanangu mkipita nyie mjukuu wangu anashtuka analia na kumlaza tena ni kazi. Kasema kwa upole tu ila imenikaa kichwani. Jamaa wengine wananiambia nikikaribia nyumba nizime swichi nishuke na breki ya mguu. Nina karibu tani 30 mgongoni. Nizime? Na hilo bomba tupu kweli linaongeza nguvu?

Mzee wa Tanzam
Dogo usizime. Mteremko ule umeua watu, unajua mwenyewe. Ukishuka na mguu tu ngoma za breki zinapata moto, laining zinazosugua ngoma zinaanza kunuka, ukikanyaga tena hazishiki na hapo upepo wa breki umejaa kwenye mitungi lakini gari haikusikii. Wewe punguza mwendo ukiwa bado juu, chagua gia ya kushukia kabla mteremko haujaanza maana ukishakolea huwezi tena kuirudisha, halafu breki ya mguu unakanyaga mwendo ushuke kisha unaachia kabisa, usiikalie. Na neutral usiiguse hata kama bosi analalamika mafuta.
Ile swichi yako ina hatua, nyingi zinashika silinda 2, 4 au 6. Ukiwa umeingia na gia nzito unaweza kuiweka hatua ya chini kwenye nyumba na sauti inapungua, ila uwe unaona gari imeshikwa kweli. Na mvua ikinyesha ukiwa na tela tupu punguza hatua, tairi za nyuma za hosi, yaani kichwa kinachovuta, zinateleza tela likaja kukukunja.

Fundi Uyole
Mzee kasema kweli, mi niongezee upande wa ekzosi. Breki ya Jake inafanya hivi: pistoni ikishakandamiza hewa mpaka juu, valvu za ekzosi zinafunguliwa ghafla ile hewa inatoka, kwa hiyo injini imetumia nguvu kukandamiza na hairudishiwi kitu, ndo inavyokushika. Ule mlio ni hewa inayochomoka silinda moja baada ya nyingine. Ikipita kwenye sailensa nzima unasikia mngurumo mzito tu. Ikipita bomba tupu ndo hiyo bunduki. Kwa hiyo mwenye kosa ni aliyekata sailensa, breki haina shida yoyote.
Nguvu? Injini ina turbo hiyo, sailensa nzima ya saizi yake haikunyimi kitu cha maana hata ukipanda Kitonga umejaza. Kama gari inakosa nguvu angalia filta ya hewa na mipira ya intakula, ile inayopoza hewa ya turbo, kama inavuja. Watu wanakata kwa sababu sailensa imeoza na bosi hataki kununua, wengine wanapenda tu sauti.

Mbongo Texas
Naendesha huku Marekani. Miji mingi midogo ina kibao kinakataza breki ya injini na vingine vinataja kabisa kwamba ni kwa gari isiyo na sailensa. Lori jipya huku tangu 1988 likiongeza mwendo halitakiwi kuzidi desibeli 80 ukipima umbali wa futi 50, kwa hiyo hiyo Freightliner yako ilitoka kiwandani ikiwa na adabu zake. Na hii breki ilizaliwa mlimani, Clessie Cummins mwenyewe wa injini za Cummins mwaka 1931 alikuwa kwenye lori breki zikamkimbia akishuka Cajon Pass huko California, nusura agongwe na treni. Zilianza kuuzwa 1961.

Chuma Kizito
Mi naona mnawadekeza wakazi, wamejenga barabarani wenyewe. Na mlio unasaidia bodaboda wajue kuna gari nzito inakuja.

Mzee wa Tanzam
Chuma, bodaboda mpigie honi na taa. Huyo mtoto hajajenga nyumba popote, analala tu. Na sisi wenyewe hilo bomba liko nyuma ya kichwa, wenzangu niliowakuta kwenye kazi hii, siku hizi ukiongea nao lazima upaze sauti, masikio hayasikii vizuri.

Kijana wa Semi
Asanteni sana wakuu, swichi siizimi. Fundi, bosi akikubali sailensa ya mtumba inafaa?

Fundi Uyole
Inafaa. Igonge kwa mkono usikilize, ikichakacha ndani ujue imekatika iache. Pima kipenyo cha bomba lako kabla hujaenda kununua, ikiwa nyembamba hapo ndo kweli utaua nguvu. Na fundi aifunge kwa klampu na bano za chini, akiichomelea moja kwa moja ule mtikisiko wa Iwambi utaipasua.