Saa mbili za kunyonyesha mnatunyima kwa sheria ipi? Maofisi ya utalii Arusha mmezidi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo asiye na muda apite tu, hatutagombana.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha mjini. Kazi yangu ni ya mezani: naongea na mawakala wa nje, napanga ratiba, nabuki lodge, nafuatilia malipo ya hifadhi. Jina la kampuni silitaji. Mwezi wa sita nimerudi kutoka likizo ya uzazi, msimu ndio unachanganya, simu hazipoi, na tangu nimerudi naonekana mdaiwa. Kila nikiomba kitu ambacho ni haki yangu, jibu ni moja: "Lakini wewe si umetoka likizo juzi tu?"

Likizo! Mtu umepasuliwa, mshono unavuta ukikohoa, hujui usiku hujui mchana, halafu mtu anayelala usiku mzima anakwambia ulikuwa unapumzika. Na huko kupumzika kwenyewe simu yangu haikupumzika. Mtoto kitovu hakijadondoka, meseji zinaingia: "Mama K, ile voucha ya Karatu uliiweka wapi?" "Mama K, paswedi ya mfumo ni ipi?" Kuna siku wakamtuma dereva alete laptop mpaka nyumbani, Kwa Mrombo. Mama yangu mzazi, aliyeshuka kutoka Machame kuja kunilea, alimfungulia geti akijua analeta zawadi ya mtoto. Alipoona ni kompyuta akamwambia, "Baba, huyu ni mzazi, hata mtori wa leo hajanywa. Rudisha hicho kitu kilikotoka." Dereva wa watu akageuza gari. Nashukuru alimkuta mama, maana ningetoka mimi ningeipokea na kuanza kujibu imeili kitandani. Na sheria iko wazi kwamba mwanamke asifanye kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua mpaka daktari athibitishe kwamba anaweza. Bosi wetu ndiye amekuwa daktari.

Sasa hizo siku zenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inatoa siku 84 zenye malipo, au 100 ukijaliwa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Siku 84 ni wiki 12, Jumapili na sikukuu zikiwa humo humo. Unaweza kuanza hadi wiki 4 kabla ya tarehe ya makadirio, na hapo ndipo wengi tunapoumia bila kujua: ukianza mapema, zile wiki hazirudishwi upande wa pili. Mimi presha ilipanda, daktari akasema kalale. Nikalala. Matokeo yake nimerudi ofisini huyu chalii hata miezi mitatu hajafika, shingo ndio kwanza inaanza kukaza.

Kliniki wanakwambia miezi 6 maziwa ya mama peke yake, hata maji usimpe. Sawa. Nani anampa, wakati mama yuko mjini anampangia Mhispania chumba chenye kitanda cha watu wawili?

Na chanjo je? Kuna ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hata mama ambaye likizo yake imeanza siku ileile aliyojifungua, wiki ya 14 inamkuta ameshaitwa kazini. Niliomba asubuhi moja tu nimpeleke mtoto kituo cha afya. Nikaambiwa nimtume dada. Huyo dada ametoka kwao Kondoa hata mwezi hana nyumbani kwangu, kadi ya kliniki hajui inasomwaje, usiku mtoto akichemka baada ya sindano ataulizwa nini? Nikaenda mwenyewe. Siku imekatwa kwenye likizo yangu ya mwaka. Nusu siku niliyoomba, nzima iliyokatwa.

Tuje kwenye lililonileta hapa. Kifungu hichohicho cha 33 kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Nikaenda kwa HR, yaani afisa utumishi wetu, na hilo. Mimi nakaa Kwa Mrombo, ofisi iko mjini. Nikisema nitoke mchana nipande haisi, nifike, ninyonyeshe, nigeuze, hizo saa mbili zinaishia barabarani na mtoto nimemnyonyesha robo saa. Kwa hiyo nikaomba kitu chepesi: zote mbili niziweke mwisho wa siku. Nitoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Chakula cha mchana nitakula mezani, sina shida. Rafiki yangu mwalimu kule Meru anafanya hivyohivyo, mwalimu mkuu wake amepanga vipindi vyake vyote asubuhi na hakuna mtu aliyekufa.

HR wetu ni mama mtu mzima, ana watoto wanne. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, na sisi tulizaa. Tulirudi kazini na hatukusumbua mtu." Halafu akaniambia kwamba hata hivyo sheria imeweka ukomo wa juu tu, wa chini haijaweka, kwa hiyo kampuni ikinipa dakika ishirini za kukamua itakuwa imetimiza. Mimi namheshimu huyu mama, ila niseme ukweli: aliteseka, akanyamaza, na sasa anataka kila anayekuja baada yake ateseke hivyohivyo ndipo wawe sawa.

Dakika ishirini zenyewe nazipatia wapi? Stoo. Chumba cha kukaa mzazi hakipo, choo ni kimoja na wageni wanakitumia, kwa hiyo nakamulia stoo ya vifaa vya kambi. Mkae mnione: nimekaa juu ya magodoro ya kulalia porini, mbele yangu mitungi ya gesi, nyuma mahema yaliyorudi Ndutu yakakunjwa yakiwa na unyevu, harufu yake mtu aliyewahi kufungua hema bichi anaijua. Mlango hauna funguo. Nasukumia katoni mbili za maji ya chupa, na wapishi wa safari wanakuja kutafuta masufuria wanausukuma nao kutoka nje. "Nani yuko humo?" Ni mimi. "Unafanya nini?" Jamani. Ukiwa na wasiwasi maziwa hayashuki, anayejua anajua. Unakamua, mkono unakufa ganzi, chupa haijafika hata nusu, mara unasikia jina lako linaitwa koridoni kwamba wakala yuko hewani. Unafunga blauzi, unatoka, unaongea kwa sauti nzuri ya "karibu Tanzania" huku upande mmoja umejaa unauma mpaka kwapani na kitambaa kimeshaloa. Mwezi huu na baridi hii ya Arusha, blauzi iliyoloa kifuani ukisubiri gari Kilombero jioni, sitaki kueleza.

Halafu likatokea la friji. Maziwa yaliyokamuliwa nje ya friji yanafaa kwa muda wa kama saa 4 hivi, kwa hiyo yangu nayaweka kwenye friji la ofisi, kwenye kopo lenye mfuniko, ndani ya mfuko, nimeandika jina. Siku moja wakaja mawakala kutoka Ujerumani kuangalia ofisi. Nimeenda mchana kuchukua kopo niweke ya mara ya pili, nikalikuta pembeni ya sinki limeoshwa likang'aa, limefudikizwa juu ya kitambaa. Yaliyokuwemo yamemwagwa. Bosi alipitisha jicho kwenye friji akaagiza "huo uchafu utolewe kabla wageni hawajafika". Dada wa usafi aliniomba radhi mpaka nikaanza kumbembeleza mimi, maana yeye katumwa. Bosi hakuomba radhi. Aliniuliza kwani siwezi kununua maziwa ya kopo ya dukani kama wanawake wengine. Mzee, bei ya hilo kopo unaijua? Na mshahara wangu unaujua, si wewe unayesaini?

Sikulia mbele yake. Nililia kwenye mahema.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba muda upo. Ofisi hii watu wanatoka kuvuta sigara asubuhi, wanatoka mchana, wanatoka kila simu ikipoa, hakuna anayeshika saa. Siku ya Simba na Yanga meza zote zilikuwa tupu, hata bosi alikuwa kwenye TV, wageni wa watu wanasubiri bei. Hakuna aliyeulizwa kama kampuni inapata hasara. Ila mimi nikikaa stoo kidogo naandikwa.

Na wateja wangu wameondoka. Sheria inasema nikimaliza likizo narudi kwa masharti yaleyale ya kazi. Nimerudi nimekuta mawakala wangu wote, niliowalea kwa miaka, wamepewa kijana aliyekuwa anashikilia nafasi, na kamisheni zao zimekwenda naye. Sina ugomvi na kijana, ni mchapakazi. Lakini mimi sasa najibu imeili za watu wanaouliza bei ya siku moja Ngorongoro na hawarudi tena. Mshahara uko palepale kwenye karatasi, mfukoni umepungua. Nilipouliza nikaambiwa, "Tumekupunguzia mzigo, si una mtoto mdogo?" Mzigo mmeniachia, mmenipunguzia hela!

Bado nina afadhali. Kuna binti alikuwa kwenye mkataba wa msimu, tumbo lilipoanza kuonekana mkataba ukaisha na haukuhuishwa, na hakuna karatasi inayosema ni kwa sababu ya mimba ingawa sheria inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito. Ndio maana dada zetu wengi kwenye hizi kampuni wanafunga matumbo na mitandio mpaka mimba ifike mwezi wa saba. Mnaowashangaa, mjue wanachokikimbia.

Mtaniuliza baba yuko wapi. Baba ni dereva wa watalii, huu msimu yuko Serengeti, mtandao ukishika anapiga anataka amuone mtoto kwenye video. Sheria ya 2004 ilimpa angalau siku 3 ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto. Alizitumia akizunguka hospitali na risiti. Simlaumu, nalaumu aliyefikiri siku tatu ni za kufanyia nini.

Basi, baada ya la friji nikaandika barua. Nikataja kifungu, nikaeleza ombi la kutoka saa tisa, nikapeleka nakala mbili ili moja wanigongee mhuri wa kupokea. Wamegoma kugonga. Nikaituma kwa imeili vilevile ili tarehe ibaki. Jibu limekuja kwa mdomo: "Tusubiri msimu uishe, tutaona." Msimu unaisha mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi huyu mtoto atakuwa anagombania ugali na mimi!

Nikamtafuta afisa kazi mmoja ninayemfahamu, akanifungua macho. Mgogoro kama huu ukishindikana ndani unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na muda wake ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukiachishwa kazi ni siku 30 tu. Sasa piga hesabu ya "tusubiri msimu uishe": mpaka huo msimu uje kuisha, siku 60 zimepita zamani, nikifika CMA naanza kwanza kuomba kuongezewa muda na kujieleza nilichelewa kwa nini. Sijui kama HR alilijua hilo aliponiambia nivute subira. Mwenzenu nadhani alilijua.

Kwa hiyo fomu ya CMA ninayo hapa kwenye mkoba, sijaijaza. Ninachotaka kutoka kwenu ni hiki. Kuna mama yeyote wa sekta binafsi hapa Arusha, au Moshi, aliyepewa saa zake mbili kwa mkupuo mmoja mwisho wa siku? Uliandikiana na mwajiri au mlikubaliana kwa maneno tu? Na aliyefika CMA kwa suala la kunyonyesha au kunyang'anywa kamisheni baada ya uzazi, usuluhishi ulikwendaje, na ulivyorudi ofisini waliendelea kukusalimia?

La pili, natafuta sehemu ya kulelea mtoto karibu na mjini, Kaloleni, Levolosi au Kilombero, inayopokea wa miezi mitatu. Nilikouliza wote wanataka afikishe miaka miwili. Hata mama mtu mzima wa nyumbani, msafi, anayekaa na vichanga viwili vitatu, nipo tayari, ili mchana niwe natembea kwa mguu kwenda kunyonyesha. Nitumieni PM na bei.

Wale wa "acha kazi ulee mtoto", wekeni na namba ya atakayelipa kodi ya nyumba. Vinginevyo piteni kimya.