Hilux ya dizeli inalegea kwenye mlima wa Mai Mahiu: niweke sensa kubwa ya turbo na chipu?

Mzigo_wa_Alfajiri

Habari zenu wakuu. Nina Hilux Vigo ya 2009, injini 1KD lita 3.0, gia za mkono, imeshakula kilomita 312,000. Kazi yake ni moja. Natoka Kasarani saa saba usiku, napakia vitunguu Mai Mahiu, na kabla ya saa kumi na mbili niwe nimeshusha Marikiti. Miaka minne haijanitia aibu. Lakini tangu mvua za Aprili, nikishapita lile kanisa dogo la Waitaliano na kuanza kupanda nikiwa na tani moja nyuma, inalegea. Zamani nilikuwa napanda na gia ya tatu huku nikipiga hadithi na turnboi wangu. Sasa natia ya pili, na matrela yananipigia honi nyuma. Trela, jamani! Kuna moshi mweusi, na taa ya injini imewaka mara mbili ikazima yenyewe.

Jamaa mmoja wa spea hapa mjini amenipigia hesabu: sensa ya presha ya turbo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini) inayosoma mpaka baa nne, yaani kilopaskali 400 (anasema iliyomo ni ndogo), chipu ya kuchomeka kwenye reli ya dizeli (bomba linalogawia nozo dizeli), na kichujio cha hewa cha kupaka mafuta. Jumla 46,000. Pesa ziko, ila ni za karo ya muhula ujao. Kuna aliyefanya hivi akaona faida?

KasiThika

Weka chipu usilale. Mimi nimeweka kwenye D-Max yangu, sasa hivi Thika Road nawaona wote kwenye kioo cha nyuma. Sensa sijui, lakini chipu ni uhakika.

Fundi_Pampu

Kijana, karo iache palepale ilipo. Nitaandika kwa urefu kidogo, unisamehe, leo mvua imetufungia gereji.

Sensa haiongezi nguvu hata punje. Hiyo unayoambiwa ubadilishe inapima presha yote ya hewa iliyo ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) na kupeleka volti kwa kompyuta. Kompyuta ina jedwali lake, volti hizi ni presha hii. Sasa ukifunga sensa ya baa nne, kwa presha ileile itatoa volti ndogo kuliko ile ya zamani. Kompyuta haina habari kwamba umebadilisha. Inaona turbo imezembea, inabana mabawa yake ili hewa izidi. Kwenye skrini unasoma kilopaskali 180, ndani kunachemka 240. Sensa ya namna hiyo ni ya mtu aliyefunga turbo nyingine na kuandikiwa programu upya, si ya mtu anayebeba vitunguu.

Halafu kuna jambo la mlima ambalo wauzaji hawakuambii. Mimi ufundi nilijifunzia Mombasa. Kule ukifungua swichi bila kuwasha injini, sensa hii inasoma kama 101, yaani kilopaskali, ndiyo hewa ya kawaida ya pwani. Nilipohamia Nairobi, gari la kwanza nililoshika likasoma 83. Nikamwambia mwenyewe sensa imekufa, nikamnunulisha mpya. Mpya nayo ikasoma 83! Ndiyo hewa ya huku, ni nyepesi. Ile pesa nilimrudishia mfukoni mwangu, na mpaka leo akinikuta ananisalimia "themanini na tatu".

Sasa piga hesabu. Ili upate 200 ndani ya manifoldi, turbo ya Mombasa inaizidisha hewa mara mbili. Ya Nairobi, mara 2.4. Ukifika juu kule wanakouza ngozi za kondoo, hewa ni kama 77, hapo ni mara 2.6. Kwa hiyo turbo yako tayari inazunguka kwa kasi kuliko ya mwenzio wa Likoni, na unataka kuichapa zaidi.

Chipu nayo kazi yake ni kuidanganya kompyuta. Inasema presha ya reli iko chini kuliko ilivyo, basi pampu inasukuma zaidi. Lakini wewe una moshi mweusi. Maana yake dizeli ipo, hewa ndiyo haitoshi. Mtu amekosa mboga, unamwongezea ugali?

Fanya hivi. Tafuta kile kidude cha kuchomeka chini ya dashibodi kinachosoma kwa simu. Asubuhi, swichi wazi, injini imezima, soma presha. Ukipata 82 au 83 hapo Kasarani, sensa yako ni nzima. Kisha panda mlima na mzigo wako, turnboi ashike simu, aandike presha injini ikiwa mizunguko 2,500 kwa dakika na mguu wako chini kabisa. Ukirudi, kagua mipira yote ya hewa kuanzia turbo hadi kwenye intakula (kile kipoza hewa) na kutoka hapo hadi kwenye manifoldi. Usitazame kwa juu tu, minya, pinda, pitisha kioo kidogo chini yake. Kuna pia kipaipu chembamba cha mpira kinachokwenda kwenye hiyo sensa, kikipasuka au kikijaa masizi sensa husema uongo bila kosa lake. Halafu leta namba hapa.

Binti_wa_Dizeli

Naongezea kuhusu kile kichujio cha hewa cha kupaka mafuta. Niliweka kwenye D-Max nikipeleka maji ya kunywa Kiserian na Magadi. Nilipokiosha nikapaka mafuta mengi kupita kiasi, mvuke wake ukashika kile kiwaya cha sensa ya kupimia hewa inayoingia. Gari ikaanza kuvuta kama imefungwa kamba. Nilinunua dawa ya kupuliza ya kusafishia sensa hiyo (si petroli, na usikiguse kiwaya kwa kidole wala kitambaa), ikarudi sawa. Nikarudisha kichujio cha karatasi, nabadilisha mapema kwa sababu ya vumbi. Kile kingine kinashikilia mlango wa banda la kuku.

KasiThika

Fundi, lakini mimi chipu yangu haijaleta shida.

Fundi_Pampu

Wewe unakwenda Thika barabara tambarare, umebeba miwani. Ukitaka kuendelea nayo, funga geji ya joto la ekzosi, kichwa chake kiwe kabla ya turbo. Siku utakayopanda na mzigo ukaona imekaa juu ya nyuzi 700 za Selsiasi, toa mguu. Bila geji unaendesha ukiwa umefumba macho.

Mzigo_wa_Alfajiri

Wakuu, nimerudi. Siku nne zimepita.

Swichi wazi: 82. Mlimani, gia ya pili, mguu chini: 158, haipandi zaidi. Nikaanza mipira. Kwa juu yote ilikuwa mizuri, hata inang'aa. Nikapitisha kioo cha mke wangu cha mkobani chini ya ule mkono wa mpira unaotoka kwenye turbo, sikuona kitu. Lakini kidole kilitoka na tope jeusi la oili na vumbi, chini kabisa, sentimita mbili kutoka kwenye klipu. Nikauminya kwa vidole viwili, ufa ukafunguka kama mdomo. Ukiuachia unajifunga, huwezi kujua. Ndiyo maana bila mzigo nilikuwa sioni shida kubwa.

Mpya 2,800, na klipu mbili. Jana alfajiri, mlima uleule, vitunguu vilevile, turnboi akasoma 204. Gia ya tatu mpaka juu. Nilipita trela moja pale kwenye kona, nikapiga honi. Nisameheni.

Nilipokuwa nimeshafungua, nikachungulia mlango wa ile EGR (vali inayorudisha moshi kidogo kwenye injini): masizi yamejaa, tundu limebaki la kupitisha kidole gumba. Nitasafisha.

Swali la mwisho, mzee. Taa ya oili hupepesa mara moja nikiwa nimetulia kwenye foleni, injini ikiwa moto, halafu inazima. Nisiwe na wasiwasi?

Fundi_Pampu

Hapo ndipo uwe na wasiwasi. Hilo la nguvu lilikuwa mchezo. Hizi 1KD vikalio vya nozo (zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda) vikivuja, moto wa mwako unapenya na kuichoma oili, masizi yanashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio cha kunyonyea. Injini inakufa kwa kiu huku kijiti kinaonyesha oili imejaa. Unabadilisha oili kila kilomita ngapi?

Mzigo_wa_Alfajiri

Elfu kumi.

Fundi_Pampu

Kwa mzigo huo, elfu tano. Na leo usiku usiende Mai Mahiu. Fungua sampu kwanza, piga picha ya chujio uniwekee hapa kabla hujaliosha.

Mzigo_wa_Alfajiri

Nimempigia mwenye vitunguu, nimemwambia kesho. Natafuta jeki.